Je, wajua kwa nini bwawa la udongo halinywi maji yake?

Mwaga ndoo ya maji kwenye uwanja wa nyumba Mbagala: mchanga unayanywa kabla hujaiweka ndoo chini. Sasa panda mpaka vilima vya Pugu ukapunge upepo kwenye kibwawa kilichozibwa kwa tuta la udongo. Maji yametulia tangu masika, vijana wanavua kwa ndoana, watu wametandika mikeka juu ya tuta lenyewe. Mbona haya hayanyweki?

Kwanza, udongo si mmoja. Chembe za mfinyanzi hazifiki hata milimita 0.002, na zikishindiliwa zikiwa na unyevu wake hubanana hata maji yakakosa njia. Fundi huupima kwa viganja: anaulowesha, anausokota kama kamba nyembamba. Ukikatikakatika, una mchanga mwingi, haufai kuwekwa katikati ya tuta. Unaofaa humwagwa kwa tabaka la sentimita 20 hivi, ukanyunyiziwa maji na kushindiliwa, ndipo lije tabaka jingine. Kumwaga malori yote kwa mpigo na kusawazisha juu ni kujitafutia msiba.

Kuna na unene. Maji ya kina cha mita 5 hukandamiza kwa tani 5 kila mita ya mraba ya chini kabisa, kwa hiyo tuta la kimo hicho, lenye upana wa mita 3 juu, kitako chake huweza kufika mita 28.

Na bado linavuja! Hutoka jasho kama mtungi. Likiwa jasho safi, halina neno. Mjenzi huweka mchanga na kokoto upande wa nyuma, usio na maji, liishie humo. Likitoka la tope, tuta linaliwa kwa ndani. Bwawa la Teton, Marekani, tarehe 5 Juni 1976 lilionekana likivuja asubuhi. Kabla ya saa sita mchana lilikuwa limebomoka, na watu 11 wakafa. Ndiyo maana juu ya tuta hupandwa nyasi, si miembe, hata kama kivuli kinatamanika: mzizi ukioza huacha bomba.

Maji ya ziada hutoka kupitia utoro, mfereji wa pembeni ulio chini kuliko kilele cha tuta. Wapo wanaouziba kwa viroba vya mchanga ili bwawa lijae zaidi na samaki wasitoroke. Mvua za Aprili zikishuka, maji yatapita pale pale ulipotandika mkeka, na yatakwenda na tuta.