Hazikuishia mangweni

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Tulikuwa Mombasa, ukumbini, kiyoyozi kikali mpaka nikajutia kuacha leso nyumbani, sambusa mezani, na mfadhili mmoja, mtu mwema kweli wala simkejeli, akanyanyua mkono: "Lakini mkiwapa pesa mkononi, si watazinywa?" Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Kazi hii ya kusaidia familia nimeifanya Kilifi miaka kumi na minne, na swali hilo nimeulizwa kwa Kiswahili, kwa Kigiriama, kwa Kiingereza, na mara moja kwa Kijerumani kupitia mkalimani ambaye mwenyewe alionekana kuona haya. Sasa naliandikia, ili siku nyingine nitume kiungo halafu niendelee na sambusa yangu.

Ya haraka kwanza. Utafiti upo, tena mwingi. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali, wakatoa ripoti mwaka 2014: karibu zote hazikuona pombe na sigara zikipanda watu walipopewa pesa, na nyingine ziliona zikishuka. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakapima Rarieda, kule Siaya, kwa familia zilizopewa pesa na shirika la GiveDirectly bila masharti yoyote. Hawakuona pombe ikipanda. Na kwa kuwa tunawadhania hawa watu ulafi, nikumbushe kwamba Homa Bay, miaka kumi hivi iliyopita, wengi walizikataa pesa za shirika hilo hilo kwa uvumi kwamba ni za shetani. Mtu ana njaa na bado anakuuliza pesa zako zimetoka wapi. Wafadhili wangu wachache huulizana hivyo.

Lakini sitaki nijifanye kwamba mambo ni meupe. Mimi mwenyewe nikienda kwenye ufuatiliaji na kalamu yangu na fulana ya shirika, nikimuuliza baba wa watu "pesa ulizitumiaje?", unadhani ataniambia nilikaa mangweni, pale panapouzwa pombe ya mnazi, siku mbili? Ataniambia unga, karo na daftari za watoto. Majibu yangu ya ufuatiliaji yana karo nyingi kuliko watoto. Watafiti wana ujanja wao: wanakusomea mambo manne, labda nilinunua sukari, nilienda mjini, nilihudhuria matanga, niliweka salio, useme ni mangapi tu umefanya, si yapi. Kundi la pili linasomewa hayo hayo na la tano, nilikunywa pombe. Tofauti ya wastani wa makundi mawili ndiyo jibu, na hakuna aliyejitaja. Sisi hatuna muda wala watu wa kufanya hivyo. Kwa hiyo ukiniuliza kwa namba za shirika letu peke yake, sina ushahidi wa kukufunga mdomo. Ninao wa wengine.

Na mlevi yupo, msinielewe vibaya. Nakumbuka mmoja ambaye laini yake ilipolia meseji tu, alikuwa ameshavaa viatu. Lakini huyo alikuwa akinywa kabla hatujafika, kwa pesa za makaa, na alipokosa za makaa alikunywa kwa deni. Tena kuna jambo halisemwi ukumbini: mgema anayemuuzia naye yumo kwenye orodha yetu. Anapanda minazi alfajiri na jioni, amevunjika nyonga mara moja, ana watoto sita. Shilingi iliyofika mangweni haikupotelea baharini.

Basi pesa huenda wapi? Twende Ganze, 2022, wakati mvua zilikuwa zimekata msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020 na pakti ya unga ya kilo mbili imepita shilingi 200. Tulikuwa tunatuma shilingi 6,000 kwa mwezi kwa kila familia. Siku ya malipo nilikaa kwenye benchi la duka moja, makusudi, kuanzia saa mbili asubuhi. Mwenye duka alikuwa na daftari la mraba ambalo jalada lake limefungwa kwa ukanda wa tairi. Hakuandika majina, aliandika anavyowajua: wa kisimani, mke wa fundi, bibi wa mwembeni, mwalimu (huyu hakuwa mwalimu, aliwahi kusomea tu). Kila aliyeingia alianza kwa kulipa. Hakuna aliyenunua kitu kabla jina lake halijakatwa mstari. Mama mmoja alilipa 3,400, akabaki amesimama, akaomba pakti mbili za unga, na mwenye duka akaziandika kwenye ukurasa mpya. Nikamuuliza yule mama, dada, pesa si unazo hapo? Akacheka. Hizi za mkononi, akasema, ni za nauli ya hospitali ya mtoto kesho kutwa. Unga utalipwa mwezi ujao. Alikuwa amepanga bajeti ya siku arobaini mlangoni pa duka kwa kichwa chake. Mimi mshahara wangu sijui unaishaje.

Fomu yetu ya ufuatiliaji haina kisanduku cha deni. Ina chakula, elimu, afya, makazi, "mengineyo". Zile 3,400 ziliingia "mengineyo", na "mengineyo" ikikua, makao makuu wanaanza kunusa pombe. Nimeomba kisanduku hicho mara tatu. Na sijataja mikopo ya simu, ambayo hujilipa yenyewe pesa inapoingia: mtu anapokea meseji ya 6,000 na salio linasoma 4,150, halafu anatupigia sisi kwamba tumemla.

Wanaoogopa pesa husema basi wapeni chakula, chakula hakinyweki. Jamani. Mwaka huo huo shirika lingine lilipitisha mifuko: unga, maharagwe, chumvi, mafuta lita mbili. Jioni mafuta yale yalikuwa sokoni kwa shilingi 400, wakati dukani yalikaribia 700. Waliouza hawakuwa wajinga. Walihitaji nauli, dawa, shilingi za kusagisha, na walichopewa ni mafuta. Kwa hiyo mfadhili alinunua mafuta, akalipa lori, akalipa mlinzi wa ghala, ili mama ayageuze pesa kwa hasara ya karibu nusu. Kuna siku chakula ndicho jibu, nakubali. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipokata barabara kule Tana River, pesa kwenye simu ungenunulia nini, na duka lenyewe limo majini? Hapo leta mashua yenye mchele. Lakini duka likiwa wazi na lina bidhaa, mfuko wako unatuliza moyo wako wewe.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi hasa, maana ukumbi mzima unajadili pombe na hakuna anayeuliza: familia ni nini?

Wenzetu wa Tanzania wana neno lao, kaya, na TASAF, mfuko wao wa maendeleo ya jamii, wana Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, kila mtu anaelewa. Kilifi ukisema kaya umesema msitu wa mababu, zile kaya za Wamijikenda zilizoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Tuliwahi kupata mwenzetu kutoka Tanga, kijana hodari, akasimama barazani siku yake ya kwanza: "Tumekuja kuandikisha kaya zenu." Kimya. Halafu mzee mmoja akauliza, kwa adabu zote, hati miliki itatoka kwa jina la nani. Kwa historia ya ardhi ya Pwani, lile halikuwa swali la mzaha. Tulitumia saa nzima kueleza kwamba hatutaki msitu wa mtu.

Ukishavuka jina, bado. Vitabu vinasema ni watu wanaokula chungu kimoja. Vizuri. Mzee ana wake wawili, majiko mawili, ghala moja. Mvulana analala kwa mamake na anakula kwa bibi yake kwa sababu kwa bibi kuna mboga. Baba yuko Mombasa, anarudi mwisho wa mwezi na kilo tano za unga au mikono mitupu. Mjane anapika peke yake ndani ya boma la shemeji yake, na shemeji ndiye anayeamua mbuzi yupi auzwe. Ukihesabu boma zima kama familia moja, 6,000 inaingia kwenye simu ya mwanamume mmoja na mke wa pili anaisikia kwa majirani. Ukihesabu kwa majiko, kijiji kinasema mwenye wake wengi amelipwa mara mbili kwa tamaa yake, na hawajakosea sana.

Sisi tulihesabu majiko. Tulitangaza mapema, kwa uwazi, kama miongozo inavyotaka, na baada ya wiki mbili mafiga yaliota kama uyoga. Nilienda boma moja nikakuta majiko matatu mapya. Nikainama kutazama. Mawe ya moja hayakuwa na masizi hata kidogo. Jivu lilikuwa limeletwa na kumwagwa, bado lina vipande vya mkaa vya jiko kubwa. Nikalifuta kwenye fomu nikijiona mpelelezi. La pili nalo nilikuwa nalifuta, mke wa kitinda mimba, lakini mama mkwe akanivuta pembeni. Binti huyu, akasema, ana miaka minne anaomba apike mwenyewe na tunamnyima. Majina yenu ndiyo yametupa sababu ya kumwachia bila aibu. Je, lile lilikuwa jiko la uongo? Lilijengwa kwa ajili yetu, na bado lilikuwa la kweli. Nililiacha. Mwenzangu wa takwimu alinikemea, na mpaka leo sijui nani kati yetu alikuwa sahihi.

Halafu kuna "mpe mama". Tunaisema kama dua: pesa ziende kwa jina la mama, mama hanywi, mama anajali watoto. Rarieda walipima hilo pia, wakapewa wake kwa waume kwa bahati nasibu, na tofauti katika matumizi ilikuwa ndogo. Kilicholeta tofauti zaidi ni namna ya kutuma: za mkupuo ziliishia kwenye vitu vya kudumu kama mabati, za kila mwezi kwenye chakula. Mimi bado naandikisha mama. Nikibanwa nieleze kwa nini, nasema anapatikana nyumbani siku ya usajili. Si sababu ya kitaalamu.

Mabati nayo yana kesi yake. Mifumo ya alama, ile ya kupima nani maskini kiasi cha kusaidiwa, hutazama nyumba: paa, sakafu, choo, redio. Paa la bati linakupandisha. Nimemwona bibi aliyeezekewa bati na mwanawe; mwanawe akafariki, bati likabaki, alama zikamtoa. Nyumba ya jirani ni ya makuti, mwenyewe ana bodaboda mbili zinazofanya kazi Malindi na hazikulala pale siku ya hojaji. Kwa hiyo tunaongeza baraza: wanakijiji wenyewe wataje wahitaji. Ni afadhali, kwa kuwa wao wanazijua bodaboda. Lakini baraza hutaja wenye watu. Asiyekuja hatajwi, na asiyependwa hatajwi hata akiwa ameketi mstari wa mbele.

Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wahitaji pesa, angalau ilipofika 2018 iliamua kwamba kila aliyetimiza miaka 70 anastahili, awe anapendwa au la, mradi ana kitambulisho na hapokei pensheni. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni kidogo, na hazijapanda kwa zaidi ya miaka kumi, lakini hakuna anayekupigia kura barazani. Sisi mashirika hatuwezi hivyo, pesa zetu hazitoshi. Tunachagua, na tunachagua vibaya zaidi ya tunavyoandika kwenye ripoti.

Mwaka mmoja, kijiji ambacho baraza lake lilikwenda kama harusi, majina yametajwa kwa makofi, chifu ameridhika, nilibaki nyuma kwa sababu gurudumu la pikipiki liliishiwa upepo. Nikiwa natafuta pampu, mtoto akanipitisha njia ya nyuma ya mashamba. Kulikuwa na kibanda, na mwanamke mzee amekaa mlangoni, anachambua kunde kwenye ungo, punje moja moja. Nikamwamkia, shikamoo nyanya, akaitikia na kuniuliza kama natoka barazani. Alikuwa amesikia makofi. Nikamuuliza mbona hakuja. Akasema anaumwa magoti. Yule mtoto, tulipofika mbali kidogo, ndiye aliyenieleza kwa sauti ya chini kwamba nyanya yule anaitwa mchawi, alitolewa kwa wanawe, na watu hupita mbali na mlango wake. Kilifi wazee wameuawa kwa neno hilo. Baraza la watu mia mbili, na hakuna mdomo uliotamka jina lake, na mimi nikakunja karatasi nikaandika juu yake "mchakato shirikishi".

Orodha ilikwishafungwa na kutiwa sahihi. Kuifungua tena ni barua, kikao, na idhini ya mfadhili. Niliandika barua hiyo usiku ule. Mfadhili, huyu huyu wa ukumbini, alijibu baada ya wiki tano akataka kujua kama bibi huyo anatumia kileo.