Waifai ya nyumbani: mambo tunayodanganyana huku Mbeya

Juzi shemeji yangu wa Uyole kanipigia, Shem njoo uone, hawa watu wa neti wanatuibia, nalipia kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde kila mwezi halafu chumbani hata katuni ya mtoto inazunguka tu. Nafika nakuta rauta, kile kiboksi kinachosambaza waifai, iko nyuma ya tivi, imefunikwa kile kitambaa cha kufuma chenye maua. Nikaitoa nikaiweka juu ya kabati la koridoni, peupe, katuni ikaenda. Kifurushi ni kilekile. Akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, ila nikaona niandike maana kila nyumba ninayoitwa naambiwa yaleyale.

"Mistari imejaa, kwa hiyo neti iko fasta." Hapana bwana. Ile mistari ya waifai kwenye simu inakuonyesha simu na rauta zinavyosikilizana, basi, neti inayoingia toka nje ni habari nyingine. Simama karibu na rauta upime kasi, kisha nenda chumbani upime tena. Pale karibu iko poa na chumbani imekufa, tatizo ni nyumba yako. Kote kubaya, hapo ndio uwapigie waliokuuzia. Na megabiti 10 sio megabaiti 10, gawanya kwa 8 unapata megabaiti 1.25 kwa sekunde, yaani faili la megabaiti 700 litachukua dakika 9 na kitu hata ukiwa peke yako, sasa we una wapangaji wanne wote wanaangalia mpira unategemea nini?

"Nunua rauta yenye antena nyingi, itapita ukuta wowote." Nyumba zetu huku ni tofali za kuchoma na nondo na zege, na ukiwa na tanki la maji katikati ndio kabisa, maji yanakula mawimbi vibaya sana. Rauta nyingi za sa hivi zina mawimbi mawili, ya 2.4 GHz yanafika mbali na kupenya ukuta kidogo, ya 5 GHz yana kasi ila ukuta wa pili tu yamechoka. Chumba cha mbali dawa yake ni kebo, ile ya Cat5e inaenda mpaka mita 100 bila shida. Ila usiitundike hewani kuvuka uwanja kwenda nyumba ya nyuma! Huku kuanzia Novemba mpaka Aprili radi sio utani, na sio lazima ipige kwako, ikipiga jirani umeme unaruka kwenye ile shaba ya ndani ya kebo unaingia kwenye rauta unaondoka na kila kilichochomekwa. Ngurumo zikianza chomoa, na uchomoe kebo pia, sio waya wa umeme peke yake.

Kuna wale wanaonunua ekstenda, kile kifaa cha kurudia mawimbi ya waifai, wanaichomeka chumba ambacho waifai haifiki kabisa. Sasa itarudia nini wakati yenyewe haisikii? Inatakiwa ikae katikati ya rauta na chumba, na zile za bei rahisi zinakata kasi karibu nusu.

"Rauta ya pili chomeka tu inafanya kazi." Hili liliwahi kunitoa jasho Kihesa, Iringa, nyumba ya wapangaji, asubuhi vyumba vitatu vina neti, jioni vingine vitatu, wameshaanza kununiana kwamba fulani anawakatia. Kumbe rauta zote mbili zilikuwa zinagawa anwani, zile namba za kutambulisha kila kifaa kwenye neti, simu ikipewa na ile ya pili inaelekezwa njia isiyotoka nje. Ukitaka ya pili iwe ya kusambaza tu, ingia kwenye setingi zake, zima DHCP (ndiyo inayogawa anwani), ipe anwani yake isiyogongana, mfano ya kwanza ni 192.168.1.1 basi yenyewe iwe 192.168.1.2, halafu kebo chomeka kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) sio WAN (la neti ya kutoka nje). Dakika 5 tu ugomvi ukaisha.

"Nimeficha jina la waifai, hawanipati." Programu za bure zinaliona. Weka ulinzi wa WPA2 au WPA3 na pasiwedi ndefu, zima WPS (ile ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au namba fupi), na ubadilishe pasiwedi ya kuingilia setingi, maana ile ya kwenye stika chini ya rauta mgeni yeyote anaipiga picha wakati wewe uko jikoni unachemsha chai.

"Umeme ukikatika na neti basi." Rauta nyingi zinakula volti 12 tu, ukipata yuupiesi ndogo, ile betri ya akiba, unaendelea masaa kadhaa. Ila soma kwanza adapta, kuna za volti 9 na za volti 5, ukiipa 12 umeichoma.

Jana nimepita tena Uyole. Rauta iko palepale juu ya kabati, ila kitambaa kimeshaifuata.