Je, wajua kwa nini filamu ya mzaliwa wa Lubumbashi iliwania Oscar kwa jina la Ubelgiji?

Mwaka 2023 Ubelgiji iliteua filamu iitwayo Augure iiwakilishe kwenye tuzo za Oscar, katika kipengele cha filamu bora ya kimataifa. Mwongozaji wake, Baloji, alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kupelekwa Ubelgiji akiwa bado mtoto mdogo. Kisa cha filamu ni cha Koffi, kijana anayerudi Kongo kutoka Ulaya na mchumba wake mjamzito, akiikabili familia iliyomhesabu mchawi tangu utotoni kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo usoni. Wahusika wanaongea Kifaransa, lakini Kiswahili na Lingala vimo pia vinywani mwao. Kijana mmoja wa nyumbani kwetu, baada ya kuitazama mpaka mwisho, aliuliza swali ambalo nadhani wengi mjini wamejiuliza: "Sasa juu ya nini banasema ni filme ya Beljike?"

Swali lake ni la haki, maana hata jina la mwongozaji linatoka huku. Kwa Kiluba, baloji ni wachawi, na Kiswahili cha Lubumbashi husema balozi kwa maana hiyo hiyo, neno ambalo msomaji wa Dar es Salaam angelielewa kuwa ni mjumbe wa serikali ugenini. Kwa hiyo, ukipenda kutania, Ubelgiji ilimpeleka Los Angeles balozi wake kwa maana zote mbili.

Jibu limo katika kanuni za kipengele chenyewe. Tofauti na vipengele vingine vya Oscar, ambamo mtayarishaji huwasilisha kazi yake mwenyewe, hapa wakati huo ni nchi iliyowasilisha, na kila nchi ilikuwa na nafasi moja tu kwa mwaka. Uteuzi hufanywa na kamati ya wanasinema wa nchi husika, kamati ambayo ni lazima iwe imekubaliwa na Akademia ya Hollywood, inayotoa tuzo za Oscar. Kanuni haiulizi kamera iliwekwa ardhi gani, wala wahusika wanaongea lugha gani, mradi zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe ya Kiingereza. Nigeria ililionja sharti hilo mwaka 2019, pale filamu yake Lionheart ilipoondolewa kwa kuwa sehemu kubwa ya mazungumzo yake ilikuwa kwa Kiingereza, ingawa Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya nchi hiyo. Jambo ambalo kanuni hulitazama kwa makini ni nani walioishika kazi ya ubunifu: ni lazima sehemu kubwa yao wawe raia au wakazi wa nchi inayoileta filamu. Baloji ni mkazi wa Ubelgiji, na kampuni iliyobeba mzigo mkubwa wa utayarishaji ni ya huko, hata kama nchi nyingine, Kongo ikiwemo, zilitia mkono.

Msimu huo huo ulikuwa na mifano mingine ya kushangaza zaidi. Uingereza ndiyo iliyoshinda, Machi 2024, kwa filamu The Zone of Interest, iliyopigwa Polandi na kuzungumzwa kwa Kijerumani. Japani nayo iliwakilishwa na Perfect Days, kazi ya Mjerumani Wim Wenders. Ukirudi nyuma zaidi utakuta kwamba tuzo ya kwanza ya Afrika katika kipengele hiki ilikwenda Algeria kwa filamu Z ya mwaka 1969, inayosimulia siasa za Ugiriki kwa Kifaransa, chini ya mwongozaji mzaliwa wa Ugiriki. Ya pili ilikwenda Kodivaa, kwa filamu ya mwongozaji Mfaransa. Sijawahi kusikia Mwafrika yeyote akilalamika kuhusu hizo mbili, na pengine hilo linasema kitu kuhusu sisi mashabiki: upepo ukivuma upande wetu, hatuulizi umetoka wapi.

Sisi Wakongo tulikwisha kulipata somo hili kabla ya Augure. Mwaka 2017 filamu Félicité, iliyopigwa Kinshasa kwa Lingala, huku Véro Tshanda Beya akiigiza mwimbaji wa baa anayehangaika kutafuta pesa za kumtibu mwanawe, ilipelekwa Oscar na Senegal, kwa kuwa mwongozaji wake, Alain Gomis, ana asili ya huko. Ilifika kwenye orodha fupi ya filamu tisa. Kabla ya hapo, huko Ouagadougou, ilikuwa imetwaa Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, tuzo kuu ya FESPACO, tamasha kubwa la filamu za Afrika. Mitaa yetu, nyimbo zetu na uso wetu vilionekana kote duniani, na bendera iliyopeperushwa ilikuwa ya nchi nyingine.

Mbona basi Kongo isiteue filamu zake yenyewe? Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu uraia wa filamu huanza kwenye pesa. Mifuko ya serikali za Ulaya husaidia filamu kwa masharti: kiasi fulani kitumike kwao, mafundi fulani watoke kwao, uhariri au sauti vikamilishwe kwao. Mwongozaji asiye na mfuko wa namna hiyo nyumbani hubisha hodi ugenini, na kila mlango unaofunguliwa huacha muhuri wake kwenye karatasi za filamu. Isitoshe, filamu inayowania ni lazima iwe imeonyeshwa siku 7 mfululizo katika jumba la sinema la biashara, watazamaji wakilipa kiingilio, na majumba ya namna hiyo katika Kongo ni machache mno. Watu wengi hapa mjini huona filamu kwenye simu, kwa faili inayopitishwa kutoka mkono hadi mkono, na utazamaji huo, hata uwe wa maelfu, hauna tiketi ya kuonyesha.

Mpangilio huu wa nchi kupeleka filamu si wa pekee wala si mpya. Hata tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, lilifuata utaratibu huo hadi mwaka 1972, lilipoanza kujichagulia filamu lenyewe. Ndiyo maana Augure ilipopata huko tuzo ya Sauti Mpya mwaka 2023, aliyeitwa jukwaani alikuwa Baloji. Oscar ilikuwa bado na desturi ya zamani: sanamu ilipokelewa na mwongozaji kwa niaba ya nchi, na jina lake halikuwa likichongwa juu yake mpaka mwaka 2014.

Nilipomaliza kumweleza yule kijana haya yote, aliniuliza kama kuna Mkongo aliyewahi kushinda tuzo kubwa kwa jina la Kongo. Nikamwambia yupo, Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, aliyetwaa Farasi wa Yennenga mwaka 1999 kwa filamu ya mfalme wa Kongo anayesafiri hadi Ubelgiji kumtafuta binti yake. Akaniuliza inaitwaje. Inaitwa Pièces d'identités, yaani vitambulisho.