Mtego wa fokasi: kidole kimebonyeza, kamera bado inangoja

Juzi asubuhi nilikuwa Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu, pale kwa njia ya mbao karibu na wavuvi wanaposhushia samaki, kidole nimekibonyeza kwa shata, kile kitufe cha kupiga picha, mpaka chini na kamera imenyamaza tu. Kijana mmoja wa kupiga wageni picha akasimama nyuma yangu, akaangalia weee, mwisho akashindwa kuvumilia: "Jaduong' (yaani mzee), hio kamera si imekwama?" Nikamwambia haijakwama, inangoja. Mashua moja ilikuwa inarudi kutoka ziwani na omena, ncha yake ilipofika pale nilikuwa nimepima, kamera ikalia yenyewe na mimi sijasongesha kidole hata kidogo. Akaniambia nimwelezee, lakini kwa kelele ya injini na watu wanabishania bei ya samaki ningemwelezea nini, nikamwahidi nitaandika vizuri. Ndio hii.

Mimi huita hii kitu mtego wa fokasi. Fokasi ni kupanga lenzi ndio kitu cha umbali fulani kionekane kali. Unachukua lenzi ya kufokasi kwa mkono, zile za zamani hazina mota, unazungusha mpaka umbali wenye unataka alafu huigusi tena. Unabonyeza shata mpaka mwisho na kushikilia. Kamera inakataa kupiga mpaka kitu kiingie kwa huo umbali, chini ya pointi ya fokasi (kale ka-alama unaona ukichungulia), hapo hapo inafyatua. Yaani wewe unachagua mahali, kamera inachagua sekunde.

Swali la kwanza kila mtu huuliza ni lenzi ya miaka ya sabini haina chipu wala waya, sasa kamera inajuaje iko kwa fokasi? Jibu ni kwamba kupima fokasi na kusukuma lenzi ni kazi mbili tofauti. Kwa DSLR, zile kamera za kioo ndani, kioo kikubwa chenye kinarusha picha kwa jicho lako kinapitisha mwanga kidogo hapo katikati, nyuma yake kuna kioo kidogo kinauelekeza chini kwa sensa za fokasi zenye ziko sakafuni mwa kamera. Hizo sensa zinalinganisha mwanga umepitia upande mmoja wa lenzi na ule umepitia upande wa pili. Funga jicho moja uangalie kidole chako, alafu ubadilishe jicho, utaona kidole kinahama, si ndio? Basi sensa inafanya hivo, zile picha mbili zikikaa pahali pamoja inasema tayari, inawasha ile alama ya kijani chini kwa kitundu cha kuchungulia. Mota haihitajiki kwa kupima. Na ndio maana mtego unafanya vizuri zaidi na lenzi ya mkono, ju lenzi yenye mota, kama shata bado ndio inafokasi, ikikosa kitu inaanza kutafuta mbele na nyuma, umbali wako wote unaharibika.

Sasa mipangilio. Pentax ndio rahisi kuliko wote: weka kamera kwa AF.S (kufokasi mara moja), lenzi ya mkono mbele, na kwa nyingi, K-5 kwa mfano, menyu yenyewe imeandikwa "Catch-in Focus", unawasha basi. Kwa K10D ya zamani hata hakuna cha kuwasha, inajifanyia. Kama lenzi yako haina ile herufi A kwa ringi, ruhusu kutumia ringi ya apacha (lile tundu la mwanga ndani ya lenzi) kwa menyu, enda M, pale unapanga mwanga mwenyewe, alafu tumia kitufe cha kijani kupima mwanga.

Nikon unazunguka kidogo. Mimi natumia D300, na kwa D200 na D700 mambo ni yale yale. Unaweka AF-S, unaiambia kamera isipige kama fokasi haijapatikana, alafu fokasi unaitoa kwa shata unaiachia kitufe cha AF-ON peke yake. Hapo ndio siri yote iko. Shata ikikosa kazi ya kufokasi inabaki na kazi ya kupiga, na kupiga kumekatazwa mpaka ile alama iwake. Usisahau pia kuandikia kamera lenzi yako ni milimita ngapi na inafunguka mpaka f ngapi (f ni namba ya apacha, ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ndio ipime mwanga vizuri.

Canon haina hii kitu ndani yake. Unahitaji adapta yenye chipu, na ile programu ya Magic Lantern inakuongezea mtego kwa menyu kwa modeli zenye inakubali. Nimeona inafanya kazi vizuri kwa mkono wa rafiki, lakini mimi mwenyewe si mtu wa Canon kwa hivo sitajifanya. Na za mirrorless, zile hazina kioo ndani, nyingi zinakuonyesha tu mistari ya rangi pale kitu kiko kali, kufyatua ni juu yako.

Haya, tuingie kwa kitu chenye kinanifanya nipende hii njia, harusi. Kanisani bibi harusi anaingia na babake, mwendo wa pole, kila mtu kwa mwisho wa benchi ametoa simu. Mimi nakaa mbele na Nikkor (lenzi ya Nikon) ya 105mm f/2.5, nimepima mita nne mbele yangu, kwa kawaida ni benchi la tatu, nabonyeza nangoja. Nikiwa nimechungulia naweza kuangalia uso wake badala ya kupigana na ringi, na nikiona analia najua akifika benchi la tatu nimempata.

Lakini gauni nyeupe itakuangusha! Mara ya kwanza nilijaribu, harusi moja huko Kakamega, nilielekeza pointi kwa kifua, bibi harusi akapita benchi la tatu, la pili, akanifikia karibu anikanyage na kamera haijapiga hata moja. Niliumia sana ju ile ni siku hairudiwi. Sensa inahitaji mistari, giza na mwanga vikikutana, kitambaa laini cheupe haioni kitu. Tangu hio siku naelekeza kwa maua ameshika au kwa tai ya babake, na kamera ya pili iko shingoni.

Alafu kuna kuchelewa. Kamera ikisema "tayari" bado kioo kinapanda, apacha inafunga, ndio pazia la ndani lifunguke, na kwa DSLR nyingi hio ni kama sekunde 0.05 mpaka 0.1. Mtu anatembea mita moja kwa sekunde atakuwa amesonga sentimita 5 mpaka 10. Sasa 105mm kwa mita nne, f/4, kamera ya sensa ndogo ya picha kama D300, kile kipande chote chenye kinaonekana kali ni kama sentimita 23, mbele na nyuma pamoja. Unaona vile inakaribia kukumaliza? Kwa f/2.5 ni kama 14 tu. Boda akija kwa 36 kwa saa anakata mita 10 kwa sekunde, kwa hivo atakuwa amekusogelea nusu mita mpaka mita nzima kabla picha iingie. Mimi boda nampima akiwa mita kumi, f/5.6, hapo nina karibu mita mbili za kucheza nazo, na namngoja kwa bampu ju pale lazima apunguze.

Na hapa Nikkor za AI, zile za mkono za zamani, zinashinda M42, zile lenzi za kufungwa kama skrubu, nasema hivo na Helios yangu ya M42 naipenda. Nikkor ukiiweka f/5.6 inabaki wazi mpaka sekunde ya kupiga ndio inajifunga, sensa inaona mwanga wote. M42 kwa adapta ukifunga imefunga, na sensa nyingi za fokasi zimetengenezwa zione mpaka f/5.6, ukipita hapo inapapasa gizani. Hio hio inakukuta kwa vitu vidogo, lenzi ya f/3.5 ukiivuta nje mpaka nusu ya ukubwa halisi wa kitu inakuwa kama f/5.2, ukifika ukubwa kamili ni f/7 na mtego unakufa. Chini ya hapo ni raha sana: shikilia shata, inama polepole juu ya ua, mwili wako ndio unakuwa ringi, kamera inapiga yenyewe nyuki akiingia.

Kitu kingine, usiamini f/1.8 eti ndio sensa itakuwa makini zaidi. Sensa nyingi zinatumia mwanga wa ndani ya ile f/5.6 tu, kufungua zaidi hakuiongezei akili, kunakupunguzia nafasi ya kukosea. Laza rula mezani, ipige kwa mshazari ukilenga namba yoyote moja, uone kama ukali unaangukia hapo au nyuma. Yangu ya 105 inaangukia nyuma kidogo, nimezoea.

Turudi Dunga. Kijana alikuwa ameuliza kama inaweza kumpata mdiria, yule ndege mweusi na mweupe anayesimama kwa nguzo. Inaweza, ila watu hukosea kitu kimoja: wanapima nguzo alafu wanaacha pointi juu ya nguzo. Kamera itapiga nguzo mpaka kadi ijae! Pima nguzo, alafu inua kamera kidogo pointi ikae hewani, juu tu ya pale miguu itashuka, na nyuma iwe maji ya mbali, si mafunjo, ju mafunjo yakiyumba karibu yatakufyatulia. Mwanga weka mwenyewe kwa M, usiachie kamera, manyoya meupe yataungua. Weka tripodi na waya wa shata wenye loki, la sivyo kidole kitakufa ganzi.

Tulikaa hapo karibu nusu saa tukingoja, mashua ya pili ikapita, ya tatu. Nilikuwa na 200mm f/4 nimeifunga f/5.6, 1/2000, ISO 800, nguzo iko mita sita. Hatukumwona akija. Tulisikia kamera tu, kra kra kra, tukainua macho mdiria ameshasimama. Kwa picha ya pili mabawa bado yako wazi na samaki mdomoni anapiga mkia, tone la maji limeshikwa hewani kando ya jicho. Kijana ameniomba nimtafutie D200.