Asidi za mafuta kwenye damu: muda unaliwa wapi?

Mtu akisikia maabara ina mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha na kupima asidi za mafuta moja moja, huuliza kwanza inatoa majibu kwa dakika ngapi. Sawa, ila muda mwingi ulikuwa ukiliwa mezani, kabla sampuli haijaifikia mashine.

Njia ya Folch ya mwaka 1957 ya kutoa mafuta kwenye sampuli bado inaheshimika. Unachanganya sampuli na klorofomu na methanoli, sehemu mbili kwa moja, unaosha kwa maji ya chumvi, unasubiri matabaka yatengane, kisha unalinyonya la chini, lenye mafuta, bila kugusa ule utando wa protini wa katikati. Unakausha kwa nitrojeni. Hapo hata hujaanza kuzigeuza asidi kuwa esta za methili, na bila kugeuzwa hazipiti vizuri kwenye mashine. Sampuli chache zinamaliza siku, na klorofomu umeivuta.

Mwaka 1986 watafiti Lepage na Roy walionyesha kwamba hatua hiyo yote inarukika. Plazma, yaani majimaji ya damu bila chembe, inaingia moja kwa moja kwenye methanoli, benzini na kloridi ya asetili, tyubu inafungwa barabara, inapashwa nyuzi 100 kwa saa moja. Mafuta yanavunjwa na kugeuzwa papo hapo. Benzini wengi tumeiacha kwa sababu inasababisha saratani, lakini wazo limebaki. Watafiti wa Kanada walilipeleka mbali zaidi mwaka 2008: tone la damu ya kidoleni, tanuri la mikrowevu, na saa ikawa dakika.

Kwa nini basi tusitumie alkali, ambayo haihitaji hata joto? Kwa sababu inaziacha asidi huru zilivyo, na zilizofungwa kwenye sfingomielini, mafuta ya aina moja ya kwenye utando wa seli, pia haizigusi. Jedwali litatoka safi kabisa na litakuwa limepungukiwa. Hata hivyo, kundi la mtafiti Koletzko kule Munich liliugeuza udhaifu huo kuwa faida mwaka 2010: ukitaka asidi za fosfolipidi za gliseroli (kundi jingine la mafuta ya utando) peke yake kutoka kwenye plazma, alkali inakusaidia kuchagua. Mimi naiona kuwa kazi ya werevu kuliko mikrowevu.

Kwenye mashine yenyewe, sampuli hupita kwenye bomba jembamba lililoviringishwa; bomba la mita 100 huchukua saa nzima au zaidi kwa sampuli moja. Bomba la mita 10, jembamba la milimita 0.1, likisukumwa na hidrojeni, linamaliza kwa dakika chache. Gharama yake ni kwamba vilele vya mafuta ya trans kwenye grafu ya majibu vinapandiana na vya asidi ya oleiki. Anayetafuta trans arudi kwenye bomba refu.

Kipimo cha ndani, yaani asidi ya kiasi kinachojulikana unayoitia kwenye sampuli ili kulinganishia nyingine, nacho kina mtego. Wengi huongeza asidi ya kaboni 17, nayo imo kiasi kwenye maziwa ya ng'ombe. Ukipima damu ya wafugaji wanaoishi kwa maziwa, kilele chako kinakuwa kimeongezewa na chakula chao, na hesabu zote zinashuka. Mimi huweka ya kaboni 19.

Kasi yote hiyo haimsaidii aliyehifadhi chembe nyekundu za damu kwenye friza ya nyuzi -20. Chuma cha hemoglobini kinaendelea kuozesha EPA na DHA, asidi za omega-3 za samaki, humo humo kwenye baridi. Weka -80. Kwa tone la damu linalokaushwa kwenye karatasi, karatasi iwe imetiwa kizuia-oksijeni kama BHT, na kidole kisiwe na losheni, maana losheni nayo inaleta asidi ya palmitiki.

Tena, tone zima si chembe nyekundu. Viwango vya watafiti Harris na von Schacky vya mwaka 2004, yaani chini ya asilimia 4 ni hatari kwa moyo na 8 kwenda juu ni vizuri, ni vya EPA na DHA kwenye chembe nyekundu. Plazma iliyomo kwenye tone imejaa asidi ya linoleiki, hivyo asilimia inashuka. Nikiletewa karatasi ya majibu iliyoandikwa "omega-3: 5%" bila kusema ni ya nini, huirudisha.