Tumbo linalotangulia: uzito unaporudi baada ya kujinyima

Chumbani kwangu pana mto mdogo. Niliuweka kitini uwe wa kuegemea mgongo, lakini wengi wanaokuja kwangu huupakata. Mtu akishaketi tu, mto unahama kutoka mgongoni kwenda tumboni, na hapo unakaa saa nzima. Sijawahi kumwambia mtu auondoe.

Mimi ni mtaalamu wa lishe tiba. Wengi ninaowahudumia wako katikati ya safari: wameacha kujinyima, wameacha kujitapisha, wanakula milo yao, na uzito umerudi. Ndugu wanashukuru Mungu. Daktari ameridhika na vipimo. Mwenye mwili ndiye analia usiku. Leo nawaandikia hao, na nitakaa zaidi kwenye tumbo, maana tumbo ndilo linalowarudisha wengi kwenye ugonjwa wa ulaji, yaani huko kujinyima chakula na kujitapisha.

Nianze na maji. Kilo za siku za mwanzo, zile zinazopanda kwa kasi ya kutisha, kwa sehemu kubwa ni maji. Ini na misuli huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na gramu 3 hivi za maji. Aliyekaa na njaa muda mrefu ameimaliza akiba hiyo. Akianza kula, inajazwa upya, na maji yake yanakuja nayo. Insulini nayo, homoni inayodhibiti sukari ya damu, ikipanda baada ya kukaa chini kwa muda, inazifanya figo zizuie chumvi, na chumvi ikibaki mwilini maji hubaki pia.

Kwa waliokuwa wakijitapisha au wakinywa dawa za kuharisha, hali hii huwa kali zaidi. Mwili wao ulizoea kukaukiwa, ukajifunza kung'ang'ania kila tone. Siku wanayoacha, homoni ya kuzuia maji bado iko juu. Miguu inavimba, uso unajaa, na jioni ukivua soksi unakuta mfereji umezunguka kifundo cha mguu. Kwa kawaida uvimbe huu hupungua wenyewe katika wiki chache. Akirudi kwenye dawa za kuharisha, au akitafuta dawa za kukojoza, anaurudisha mzunguko mwanzo. Hata hivyo, uvimbe unaokuja na kukosa pumzi, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa au kuishiwa nguvu si wa kuusubiri nyumbani. Ni wa hospitali siku hiyohiyo. Na aliyekonda sana, au aliyekaa siku nyingi bila kula, aanze kula chini ya uangalizi wa daktari, kwa sababu madini ya fosfati na potasiamu yanaweza kushuka ghafla kwenye damu na kuhatarisha maisha.

Kisha kuna tumbo lenyewe, yaani mfuko wa chakula. Njaa ya muda mrefu huufanya uwe mzito kusukuma. Chakula kinakaa humo kuliko kawaida, gesi inajaa, na mtu aliyekula mlo mdogo anajiona kama aliyekula karamu. Akijitazama kwenye kioo wakati huo anasema amenenepa, kumbe anautazama mlo wa mchana ambao haujaondoka. Kinachousaidia mfuko huo kurudi kwenye kazi yake ni kula kwa saa zinazoeleweka, kila siku, hata pale unapohisi umeshiba tangu asubuhi.

Sasa mafuta, ambayo ndiyo magumu kuyaeleza. Uzito ukirudi baada ya kukonda sana, mafuta mara nyingi hutangulia kukaa kiunoni na tumboni, na misuli hufuata nyuma. Mikono bado miembamba, mashavu bado yameingia, na tumbo limetokeza. Mtu anaona mwili usio wake. Lakini uzito ukifika panapostahili na kukaa hapo, kwa wengi mafuta hujigawa upya mwilini baada ya mwaka hivi, wakati mwingine zaidi. Sharti ni hilo la kukaa. Anayeshtuka njiani na kuanza kupunguza chakula anausimamisha mwili mahali pabaya kuliko pote: mafuta yamerudi, misuli haijarudi, na njaa haijaisha.

Hili halikujulikana kwa wagonjwa wa ulaji peke yao. Mwaka 1944 Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana 36 wa kiume waliokuwa wamekataa kwenda vitani kwa ajili ya dhamiri zao, akawafanyia jaribio ili ijulikane namna ya kuwalisha watu walioteswa na njaa ya vita. Walichaguliwa kwa kuwa na afya nzuri ya mwili na akili. Kwa wiki 24 walipunguziwa chakula, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa hawazungumzi ila chakula. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi, wakalamba sahani, wakawa wanasikia baridi wakati wenzao hawana habari. Lakini sehemu ninayowasimulia wateja wangu ni ile ya baadaye, walipoanza kulishwa tena. Walikula wakashiba hadi tumbo kuuma, na bado wakawa na njaa. Mafuta yao yalirudi haraka kuliko misuli. Na baadhi yao, wanaume ambao hawakuwahi kuwa na tatizo lolote la ulaji, walianza kusumbuliwa na ulegevu wa miili yao na mafuta yaliyokuwa yakirundikana tumboni na makalioni.

Nikifika hapo, mara nyingi mtu aliyepakata mto huinua uso. Aliamini tumbo lake ni ushahidi wa tabia yake mbovu. Kumbe ndivyo mwili wa binadamu unavyofanya ukitoka kwenye njaa. Na ile njaa isiyoshiba, inayomfanya mtu ajione mlafi, uchambuzi wa baadaye wa takwimu za vijana wale ulionyesha kwamba iliendelea hata mafuta yalipokwisha kurudi, ikaelekea kutulia kadiri misuli na viungo vingine vilivyojengeka upya.

Niseme pia kwamba si kila aliyejinyima alikonda. Wapo waliokuwa na miili mikubwa, wakashinda njaa wiki nzima na kula bila breki siku moja, na hakuna aliyewaita wagonjwa. Wakianza kula kwa utaratibu, uzito wao unaweza kupanda, kushuka au kukaa palepale. Nao wanayahitaji haya haya, na wanastahili kusikilizwa vilevile.

Kuhusu mizani: naomba itoke nyumbani. Kama kuna haja ya kupima, ipimwe mara moja kwa wiki, kliniki, tukiwa wawili, ili namba ikipanda pawe na mtu wa kusema naye. Mwili hubadilika uzito ndani ya siku moja kwa maji, choo na siku za hedhi. Anayepanda mizani mara tano kwa siku anasoma mabadiliko hayo kama hukumu.

Mtu akishajua haya yote bado atajichukia mbele ya kioo. Sishangai. Kwa wengi, mawazo kuhusu mwili ndiyo ya mwisho kupona, miezi mingi baada ya milo kutulia. Ndiyo maana simwombi mtu aupende mwili wake. Namwomba aulishe wakati bado anauchukia. Huo ni mzigo mzito tayari, na wanaoubeba nawaheshimu sana.

Kuna tabia moja ninayoifuatilia kwa karibu. Dada mmoja, akiwa anazungumza nami kuhusu kazi yake, alikuwa akikizungushia kifundo cha mkono wake wa kushoto kidole gumba na kidole cha kati. Vilikuwa havigusani tena. Alipima, akaachia, akapima tena. Nilipomuuliza amepima mara ngapi tangu aketi, hakuelewa ninasema nini. Mkono ulikuwa unafanya kazi yenyewe. Tulikubaliana abebe kijitabu kidogo, na kila akijipima, akijibana ngozi ya tumbo, au akijitazama kwenye kioo cha dirisha barabarani, aweke alama na aandike kilichotokea muda mfupi kabla.

Wiki iliyofuata alikuja na kurasa nne. Chini ya alama nyingi kulikuwa na maneno mawili: "Najisikia mnene." Juu yake kulikuwa na sababu: amegombana na mama kwenye simu, bosi hakujibu ujumbe, chumba kilikuwa na joto na nguo zimembana, hajalala. Unene si hisia. Mtu anasikia aibu, uchovu, upweke au hasira, na kwa sababu kwa miaka mingi hisia zote zilipelekwa mwilini, zinajitokeza zote kwa jina moja. Tangu hapo kila akisikia sentensi ile alikuwa na swali la kuiuliza: nini kimetokea? Hakuacha kujipima siku hiyo. Alipunguza, kwanza nyakati za kazini, kisha kabla ya kulala, na hofu ikapungua kwa mwendo huohuo.

Nguo zina nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Suruali ya wakati wa ugonjwa ikining'inia kabatini inakuwa mizani nyingine. Usiitunze kama shabaha. Nunua au shonesha chache zinazokutosha leo, zisizokubana ukiketi baada ya kula, maana nguo inayobana inakukumbusha tumbo kila dakika.

Mwisho ni maneno ya watu. "Umenawiri!" "Umejaa, hongera!" Anayesema anafurahi kweli, na anayesikia anakwenda kuruka mlo wa jioni. Ndugu na marafiki, nawasihi: msiuseme mwili wake, hata kwa sifa. Mwambieni mmefurahi kumwona, mmeisikia tena ile cheko yake, mmekumbuka mlivyokuwa mkizungumza hadi usiku. Na wewe unayeambiwa, huna deni la maelezo. Yule dada alijitungia jibu lake, akalifanyia mazoezi pale kitini mara kadhaa, mto ukiwa mapajani: "Ahsante, lakini tuzungumze mengine. Nyumbani hawajambo?" Mara ya kwanza kulitumia sauti ilimtetemeka. Aliyeambiwa akajibu hawajambo, akaendelea na habari za watoto, na yeye jioni ile alikula.