Majivu Yanapoteremka Ziwani

Mwalo, yaani mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki, ninaoufahamu kuliko mingine uko kwenye ghuba ndogo ya Ziwa Victoria, upande wetu wa Uganda. Sitautaja jina. Pale Waganda, Wasoga, Wakongo na wavuvi waliotoka Kenya wanaelewana kwa Kiswahili, na samaki wakipungua wanalia kilio kimoja.

Februari moja, kiangazi kikiwa kikali, mtu alitia moto mafunjo ya kinamasi ili amfukue samaki aitwaye kamongo aliyejichimbia matopeni. Upepo ukageuka. Moto ukapanda kilimani kwa njia ya nyasi, kisha ukashuka na kuteketeza safu mbili za nyumba za mbao na mabati. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Maofisa walikuja wakahesabu nyumba, nyavu na injini za mitumbwi, wakaondoka. Maji hayakuingia kwenye hesabu.

Mimi kazi yangu ni maji na samaki, nikafika siku ya tatu. Nilimkuta mama mmoja, muanikaji wa mukene, yaani dagaa, anafagia majivu ya nyumba yake kuyaelekeza ziwani. Nikamwamkia, nikamwomba asiyapeleke huko. "Mwanangu," akasema, "ziwa lote hili, majivu ya chumba kimoja yatalifanya nini?"

Siku ile nilimjibu harakaharaka na hakuridhika. Swali lake lilikuwa la haki, kwa hiyo nalijibu hapa kwa kituo.

Ziwa ni kubwa kweli, kilomita za mraba zipatazo 68,800. Lakini kina chake kwa wastani ni kama mita 40 tu, na ndani ya ghuba zetu ni kidogo zaidi. Maji ya ghuba hayakimbilii ziwa kuu. Hukaa, hasa pale ambapo mawe na mafunjo yanazuia mawimbi. Kinachomwagwa ghubani hukaa ghubani muda mrefu.

Sasa tazama kilichomo kwenye majivu. Mafunjo yakiungua, naitrojeni nyingi hupaa na moshi, bali fosforasi hubaki. Mvua ya kwanza ya Machi ikiyakuta majivu yamelala wazi kwenye mteremko, huyachukua yote kwa mkupuo. Ziwani wapo sianobakteria, vile vijidudu vinavyoyageuza maji kuwa kama uji wa kijani, na baadhi yao huweza kujichukulia naitrojeni hewani. Kilichokuwa kinawabana ni fosforasi. Moto unawaletea mlangoni.

Mchana wanatoa oksijeni. Usiku wanaivuta, na wakifa kuoza kwao kunaivuta zaidi. Ndiyo maana wavuvi huona samaki wakihema juu ya maji kabla ya jua kuchomoza. Sangara ndiye wa kwanza kuelemewa. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walikufa ziwani humu, na serikali ilieleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua majini. Moto haukuwa sababu mwaka ule, lakini tuliona jinsi samaki huyu mkubwa anavyokufa upesi pumzi ikikatika.

Majivu ya nyumba yana habari nyingine. Bati limepakwa zinki, nyaya zina shaba, na betri ya sola ina madini ya risasi. Vitu hivi havinuki wala havibadilishi rangi ya maji, lakini shaba kidogo tu inatosha kuwadhuru viumbe wadogo ambao vifaranga vya samaki huwala. Mji wa Lahaina huko Hawaii ulipoungua tarehe 8 Agosti 2023, ukaua watu zaidi ya 100 na kuteketeza majengo zaidi ya 2,000, wahusika walinyunyizia majivu dawa ya kuyagandisha na kuweka vichujio kwenye mitaro ya mvua. Walihofia miamba ya matumbawe iliyo mbele ya mji. Na hata moshi peke yake unatosha. Mwaka 1997 misitu ya Indonesia iliwaka kwa miezi. Watafiti walieleza baadaye, mwaka 2003, kwamba chuma kilichobebwa na moshi ule kilirutubisha bahari karibu na visiwa vya Mentawai, mwani mwekundu ukafumuka, na matumbawe yakafa kwa kukosa hewa.

Sisi hatuna matumbawe. Tuna miamba ya mawe, na kwangu mimi ni hazina isiyo na bei. Hapo ndipo wanapoishi samaki wadogo waitwao furu, ambao Waganda huwaita nkejje. Sangara alipowafyeka furu wa maji ya wazi miaka ya 1980, wengi wa mawe walisalia kwa kuwa walikuwa na mianya ya kujificha. Jike hulea mayai kinywani mwake. Dume hujipamba rangi, na jike humchagua kwa rangi hiyo hiyo. Katika Ghuba ya Mwanza, Tanzania, kuna furu wawili wa jamii iliyopewa jina la Kiswahili, Pundamilia: mmoja dume lake ni la buluu, mwingine, Pundamilia nyererei, mgongo wake mwekundu na jina lake ni la Mwalimu Nyerere. Mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka rangi hizo hufifia, majike wakashindwa kuwatofautisha madume, na aina zikaanza kuchanganyika. Samaki hajafa hata mmoja, lakini aina nzima inapotea.

Kati ya mteremko na mawe hayo kinga yetu ni mafunjo. Huchuja matope, na vivuli vyake vyenye oksijeni haba ni maficho ya samaki wadogo, kwa kuwa sangara hawezi kuvumilia humo. Mtafiti Lauren Chapman na wenzake wamelichunguza jambo hili kule Ziwa Nabugabo, ziwa dogo jirani na Victoria hapa Uganda. Moto ukila majani ya juu tu, mashina yaliyo topeni huchipua tena. Lakini kiangazi kikikausha mboji ya chini, moto huingia humo, huwaka polepole siku nyingi bila ndimi, na kung'oa shamba lote la mafunjo. Ukiona moshi unatoka ardhini wakati juu pamezimika, lete maji hapo kwanza.

Basi tulikuwa na wiki chache kabla ya mvua. Tulizoa majivu ya nyumba kwenye magunia na kuyafukia juu kilimani, mbali na visima. Tukalaza magogo yaliyoungua kukingama mteremko, tukatandaza nyasi kavu, na kamati ya mwalo ikapiga marufuku kukata mafunjo yaliyonusurika. Upande wa pili wa ghuba, penye malisho, hatukufika kwa kukosa watu.

Mvua zilipoanza nilirudi na sahani yangu nyeupe yenye kamba, ile tunayoizamisha kupimia uangavu. Kule malishoni niliipoteza machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko changu. Mbele ya mwalo, mama yule aliishika kamba mwenyewe, akainama ukingoni mwa mtumbwi, akaiteremsha taratibu hadi mkono wote ukazama begani. "Bado naiona," akasema.